Baskeli za kukodi Chake Chake: ukipewa ya gea, ikatae

Kama una haraka, soma hili tu: ukifika Chake ukataka baskeli ya kukodi, chukua Phoenix. Ile ile nyeusi ya babu yako, yenye kerea nyuma na breki za vyuma. Mwenye subira aendelee kusoma, nimweleze tulivyojua.

Mimi na mwenzangu tulikwenda Pemba Januari, kaskazi imekaza, joto lile la kumfanya mtu asitake hata kuguswa na nguo yake mwenyewe. Yeye asili yake Wete, kaletwa Unguja angali mdogo, na miaka yote ya ndoa yetu hoja yake ni moja: Pemba huijui kama umeiona kwa gari. Haya, nikamwambia, tupande baskeli nione. Chake mpaka Wete, tulale. Kesho yake Konde na msitu wa Ngezi, turudi Wete kulala. Siku ya tatu Chake. Watoto tukawaacha kwa bibi yao, ambaye mpaka leo anadhani tulikwenda kwenye harusi.

Jina la pahala silitaji, kwa sababu nitapasema vibaya kidogo na mwenyewe ni mtu mzuri. Si duka hasa, ni kibanda cha fundi, baskeli saba nane zimeegemezwa ukutani. Shilingi 10,000 kwa siku kwa kila moja, unaacha kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kama rehani, mnapeana mikono, basi. Aliponiona na buibui alinitazama miguuni, akaingia ndani akatoka na Phoenix ya kike, yenye bomba lililoinama, na mnyororo wake una kava zima. Hapo nampa maksi zote. Wanawake wenzangu mnanielewa. Nikiwa msichana niliwahi kupanda isiyo na kava pale Bububu, buibui likaliwa na mnyororo mpaka gotini, ikabidi mtu aje na mkasi.

Mwenzangu akatolewa "ya kisasa". Gea kumi na nane, shokapu mbele, rangi ya machungwa. Fundi akasema hii ndiyo wanayoipenda wazungu. Mwenzangu akaizunguka mara mbili, uso umemng'aa, nikajua hapo sina la kusema.

Sasa, sisi wa Unguja tumezoea tambarare. Ukiacha kule Masingini, unakanyaga tu mpaka Makunduchi. Pemba ni kilima na bonde, bondeni mpunga, halafu kilima tena, na kila ukidhani huu ndio wa mwisho unauona mwingine mbele umekaa unakungoja. Kwa gari Chake na Wete hata saa haifiki. Sisi tulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukaingia Wete adhuhuri inaadhiniwa. Na kaskazi inavuma kutoka huko huko unakokwenda, kwa hiyo hata kwenye mteremko upepo unakushika kifuani. Mkienda miezi hiyo fanyeni kinyume chetu: pakieni baskeli juu ya gari ya abiria mpaka Konde, halafu mteremke kusini upepo uwasukume.

Phoenix ni nzito na haina gea. Kila mlima mkali nilishuka nikaisukuma, na sioni aibu. Mzee mmoja alikuwa anageuza karafuu zake kwenye jamvi mbele ya nyumba, akanipigia kelele, "Shuka mwanangu, mlima huo hata gari hulia!" Akatuita kivulini. Maji tulipewa, ila baada ya mwenzangu kuulizwa Wete ya wapi, kwa nani, na babu yake alikuwa nani. Kikombe kiko mkononi mwa mzee, na mimi koo limekauka, wao wanahesabu ukoo.

Tulipita nusu ya njia, juu ya mlima, kile kidude cha nyuma cha kuhamishia gea kikakatika kikaingia kwenye spoki. Tukaikokota mpaka tukampata fundi chini ya mwembe. Akakitazama kidude, akamtazama mwenzangu, akasema, "Sheikh, hiki kitu huku hatuna." Akakikata, akaufupisha mnyororo, akaufunga kwenye gurudumu moja la meno. Shilingi 2,000. Kuanzia hapo mwenzangu akawa na Phoenix isiyo na kerea, na mabegi yote yakahamia kwangu.

Na mimi sikusalimika. Siku ya pili, kabla ya Konde, tairi la nyuma likaenda pancha. Ndipo tukaijua pampu tuliyopewa: inapuliza kila mahali isipokuwa kwenye tairi. Tyubu ilipotolewa tukahesabu viraka vitano. Lakini fundi alikuwa hapo hapo karibu, kiraka cha sita shilingi 500, na kahawa yangu ilikuwa bado moto. Phoenix kila kijiji kina mtu wake.

Ngezi sitaieleza sana, nendeni wenyewe. Nitasema tu kwamba baada ya jua la Konde, ukiingia chini ya ile miti baridi inakupanda kutoka miguuni kama umeingia msikitini. Mipapindi, ile mitende ya Pemba, imesimama myembamba imenyooka. Tulipanda polepole makusudi, na kwa mara ya kwanza safari nzima mwenzangu hakuitaja gea.

Kuhusu joto: saa nne mkiwa bado mko barabarani mmekwisha chelewa. Mimi nilikuwa na kidumu cha lita tano kwenye kerea, kimefungwa kwa mpira wa tyubu, na kanga mbichi juu ya mtandio, naichovya kila penye bomba. Maji matupu hayatoshi. Madafu, na ndimu yenye chumvi. Ukwaju uliopoa ni mtamu lakini nusu saa baadaye uko na kiu zaidi. Halua ya Wete iwekeni ya usiku, na kahawa chungu.

Tandiko la springi lilinitesa. Siku ya tatu nilikalia mto wa nyumba ya wageni tuliyolala, niliununua kabisa.

Kurudisha, fundi akadai 15,000 ya gea. Sikubishana. Nikaichukua pampu yake, nikamwomba atie upepo kwenye tairi lolote la hapo kibandani, achague mwenyewe. Akapampu, akapampu. Akacheka, akateremka mpaka 5,000 na akatuagizia madafu mawili. Breki za vyuma nilimwambia azikaze, mteremko wa mwisho kabla ya Chake zilikuwa zinanisikiliza kwa hiari yao.