Vifaa vya kumpoza mbwa na paka wakati wa joto: kipi ununue kwanza

Mbwa hatokwi jasho kama sisi. Tezi zake za jasho ziko zaidi kwenye nyayo na msaada wake ni mdogo. Joto hulitoa kwa kutweta, ulimi nje. Paka hujilamba, mate yakikauka kwenye manyoya yanaondoka na joto kidogo. Ukishajua hayo, vitu vingi vinavyopambwa madukani msimu wa joto utavipita bila kugeuka.

Namba moja ni bakuli la maji. Najua ulitarajia kitu cha kisasa zaidi, lakini mnyama anayetweta anapoteza maji kila pumzi. Nunua mawili au matatu, mazito, yenye kitako kipana ili yasipinduke, ya kauri au chuma cha pua. Plastiki huchubuka, na kwenye michubuko ndiko utelezi unakojificha hata ukisugua. Yatawanye, yote kivulini. Paka mvivu wa kunywa huvutiwa na chemchemi ndogo ya umeme, ila kabla ya kulipa ulizia kama chujio za akiba zinapatikana.

Namba mbili: kitanda cha miguu, kile cha fremu ya chuma na kitambaa cha wavu. Hewa inapita chini ya tumbo, hakihitaji umeme, kinaoshwa kwa mpira wa maji. Angalia kitambaa kinabadilishwa bila kununua fremu upya, na uzito kinaoubeba uzidi wa mbwa wako. Kiweke chini ya mti au turubai lililo wazi pembeni. Kibanda kilichofungwa si kivuli, kinahifadhi joto.

Beseni gumu la kuogelea linafuata, kwa mbwa wanaopenda maji. Lile la kujaza upepo halimalizi wiki mbele ya kucha. Paka wengi hawatakushukuru.

Godoro la jeli nimeliweka la nne kwa shingo upande. Linafanya kazi kweli: linavuta joto la mwili mnyama akililalia. Lakini likishajaa joto haliendelei, linataka kupumzishwa kabla ya kupoa tena, na likiachwa juani linakuwa kikaango. Mbwa wangu alilitafuna la kwanza siku ya pili. Nilikesha nikimwangalia, maana vipande vikimezwa vinaweza kuziba utumbo. Kama wako ni mtafunaji, achana nalo.

Fulana ya kulowesha inategemea hewa ya kwenu. Penye ukavu, maji yanavukizwa na mwili unapoa. Penye unyevunyevu mwingi haikauki, na mbwa anabaki amevaa kitambaa cha maji vuguvugu.

Feni? Kwa ngozi isiyo na jasho haifanyi mengi peke yake. Lowesha manyoya kwanza, ndipo upepo wake unapofaa. Kwa sungura usihangaike kabisa: chupa ya maji iliyogandishwa, ukaifunga kwa kitambaa, inamtosha kuegemea.

Wenye pua fupi, kama Bulldog, Pug na paka wa Persian, wanatweta kwa shida, kwa hiyo hata ukinunua vyote hivi wakae ndani saa za jua kali. Mnyama akianza kuyumba, kutapika au ufizi ukawa mwekundu sana, mmwagie maji ya baridi ya kawaida, mpepee, na mkimbizeni kwa daktari wa mifugo.

Viatu vya mbwa vya kumkinga na lami ya moto vinaweza kungoja. Weka mgongo wa mkono wako barabarani sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, tembeeni alfajiri.

Feni ya betri ya kumwachia mbwa ndani ya gari isinunuliwe kabisa. Nje kukiwa nyuzi 24 tu, ndani ya gari lililofungwa joto hukaribia 34 kwa dakika 10, na hapo feni inamzungushia hewa ya tanuri.