Stempu au chai: kipi kiliwatoa Wamarekani kwa Mwingereza?
Wengi ukiwauliza watakwambia chai, ila mi naona stempu ya 1765, ile sheria ya Mwingereza ya kulipia muhuri wa kodi kwenye karatasi za makoloni yake ya Amerika, ndo iliwauma watu wengi zaidi, maana gazeti kodi, hati ya mahakamani kodi, hadi karata za kuchezea kodi, na kule bungeni London hawana hata mbunge mmoja wa kuwasemea! Kelele zikazidi, ikafutwa 1766, yakapoa kiaina.

Sheria ya chai ya 1773 sasa, cha ajabu bei ya chai ilishuka kabisa, shida kodi ya chai yenyewe ilibaki humohumo, jamaa wa Boston wakajipaka masizi usoni wakamwaga makasha 342 ya chai baharini usiku, na safari hii London hawakurudi nyuma, wakafunga bandari ya Boston 1774, mwaka uliofuata risasi, 1776 wakajitangazia uhuru.