Maonyesho ya Okidi za Pwani, Malindi
Maonyesho ya okidi za pwani katika bustani hii ya Malindi yanastahili kiingilio chake, hasa kwa sababu ya Angraecum giryamae, iliyopewa jina la Wagiriama, ambayo maua yake meupe yaliyochanganyika na kijani, kila moja likiwa na mrija mrefu wa mbochi unaoning'inia nyuma, hunukia usiku ili kuwavuta nondo. Ajabu ni kwamba lango hufungwa wakati wa magharibi, kabla harufu hiyo haijakolea! Ansellia africana, ya manjano yenye madoa ya kahawia, imefungwa vizuri kwenye gogo, kama inavyoota mitini porini. Mvanila, ambao nao ni okidi, umesukumwa pembeni bila maelezo, na vibao vilivyopo havina Kiswahili, jambo lisilofaa kabisa mjini kwetu.