Dansi za Kislavoni za Dvořák: rekodi ya kuanza nayo ni ya Kubelík

Anayetaka rekodi moja tu ya Dansi za Kislavoni za mtunzi Mcheki Antonín Dvořák achukue hii ya kondakta Rafael Kubelík na Okestra ya Redio ya Bavaria, iliyorekodiwa Munich mwaka 1973 na 1974. Seti zote mbili, Opus 46 ya 1878 na Opus 72 ya 1886, zinaenea kwenye CD moja: dansi 16, ambazo hapa nazihesabu mfululizo.

Utamu wake uko kwenye furianti, dansi ya Kicheki yenye kasi inayochezea mapigo. Chukua dansi ya 8. Kwenye karatasi kila baa (kipande kimoja cha mdundo) ina mapigo matatu, lakini sikio linapokea moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili, halafu moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Hesabu: mapigo 12, baa nne kamili. Kondakta akikazia pigo la kwanza la kila baa, mchezo wote unakufa na kinachobaki ni walsi yenye hasira. Kubelík haangukii hapo. Tena vayolini za kwanza ameziketisha kushoto na za pili kulia, kwa hiyo majibizano yao unayasikia pande mbili, mradi usisikilize kwa spika moja ya simu. Masikio yaliyozoea chakacha yatashika upesi.

Dvořák hakunakili nyimbo za vijijini. Alichukua midundo tu, melodi akatunga mwenyewe.

Anapozidiwa Kubelík ni kwenye dansi za huzuni, hasa ya 10 katika E maina. Hapo kondakta Václav Talich na Filarmonia ya Czech, rekodi ya 1950, anaivuta sentensi kama mtu asiyetaka kuaga. Ila ni mono, yaani sauti ya mkondo mmoja, na matoazi yanasikika kwa mbali.

Tahadhari kwa wanaonunua vitabu vya noti za muziki wafuatilie rekodi: dansi hizi ziliandikwa kwanza kwa piano ya mikono minne, na katika Opus 46 namba 3 na namba 6 zimebadilishana nafasi kati ya toleo la piano na la okestra. Ukifungua namba 3 ya piano, iko D meja, huku okestra inapiga A-flati. Kitabu hakina kosa. Geukia namba 6.

Kiwango cha sauti kipange kwa akordi ndefu (noti kadhaa zikilia pamoja) inayofungua dansi ya 1, okestra nzima ikipiga. Ukikipanga kwa dansi ya 10 iliyo tulivu, ya 15 itakurusha kitini.