Hita ya gesi isiyo na tangi: nguvu ya maji kwanza

Kabla hujauliza ukubwa wa mtungi, fungua bomba la bafuni uone maji yanatoka kwa nguvu gani. Hita hizi hazihifadhi maji. Maji yakipita ndani, kifaa kinahisi mkondo, cheche zinapiga, kichomeo kinawaka. Mkondo ukipungua chini ya lita 2 au 3 hivi kwa dakika, hakiwaki. Kwangu maji yanashuka kutoka tangi la juu ya paa, na kila mita moja ya kimo inatoa presha ndogo, takriban bar 0.1 tu, kwa hiyo hita ilikuwa inawaka na kuzimika. Tulipofunga pampu ndogo ya kuongeza presha, ikatulia.

Lita kwa dakika zilizoandikwa kwenye boksi nazo zina masharti. Kwa kawaida huhesabiwa maji yakipandishwa joto kwa nyuzi 25. Yangu ni ya lita 10: maji yakiingia na nyuzi 15, yanatoka na 40. Asubuhi ya baridi kali, ukitaka joto lilelile, unapata pungufu. Bafu moja inalimudu vizuri. Bafu na sinki la jikoni kwa wakati mmoja, sahau.

Ulaji wa gesi haukunitisha. Kuoga dakika 6 kwa mkondo kamili kunakula kama gramu 160. Ila hita inavuta kwa pupa, karibu kilo moja na nusu kwa saa, na mtungi mdogo wa kilo 6 haugeuzi gesi kuwa mvuke kwa kasi hiyo. Unaushika unakuta umelowa jasho la baridi, na moto umelegea. Weka mtungi mkubwa, na regyuleta iendane na presha iliyo kwenye lebo ya hita.

Kuhusu mahali pa kuifunga, nilibishana na fundi. Alitaka iwe ndani ya bafu ili paipu ziwe fupi. Nikakataa katakata. Kichomeo kinakula hewa na kinaweza kutoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na bafu lililofungwa madirisha ndipo mahali pake pa kuua mtu. Yangu iko ukutani nje, imekingwa mvua, na kila kiungio tulikipaka povu la sabuni kuona kama gesi inavuja.

Kero iliyosumbua wageni wangu ni hii: maji yakiwa moto mno, mtu anafungua koki ya baridi ili achanganye. Maji yanayopita kwenye hita yanapungua, moto unazimika, na mwenye povu kichwani anaanza kuita. Siku hizi napunguza kitasa cha gesi kwenye hita yenyewe, kisha nafungua ya moto peke yake.

Matunzo si makubwa. Betri mbili kubwa za volti 1.5 ndizo zinazopiga cheche. Zikichoka utasikia tik-tik bila moto. Kichungi cha pale maji yanapoingia hujaa mchanga, nakitoa na kukisuuza. Maji yakiwa ya chumvi, ndani kunajenga ukoko mweupe, na hapo fundi huzungusha siki hadi uyeyuke.

Yale maji baridi ya mwanzo, yanayotoka kabla ya moto kufika bafuni, bado yananiudhi. Nayakinga kwenye ndoo ya kudekia.