Unagi wa Nagoya: mkunga wa kuchoma anayeliwa mara nne

Jamani leo niwape ya samaki mkunga. Kwetu Tanga bibi alikuwa hataki hata kumwona jikoni kwake, anasema yule nyoka. Sasa hapa Nagoya, Japani, ndugu yake wa maji matamu, unagi, watu wanampangia foleni kabla mlango haujafunguliwa.

Mgahawa wenyewe mdogo, meza sita hivi, na ukishaagiza ndo wanaanza kuchoma kwahiyo nilikaa kama dakika arobaini nanusa tu. Mzee yuko nyuma ya kioo anapepea mkaa, anageuza vijiti, anachovya samaki kwenye chungu cha sosi anarudisha motoni, mafuta yakidondoka moshi unapanda unamrudia samaki mwenyewe. Tokyo wanampika na kwa mvuke katikati ya kuchoma analainika, huku wengi wanachoma moja kwa moja, ngozi inakuwa kavu inalia kwenye meno halafu ndani laini kabisa.

Chakula kinaitwa hitsumabushi, kinakuja kwenye ndoo ya mbao, wali chini samaki juu amekatwakatwa. Mhudumu hakunielekeza kitu, hapo wamenikwaza kidogo, ila mama mmoja wa meza ya jirani akachukua mwiko wangu akanigawia mafungu manne. La kwanza unakula hivyohivyo. La pili unatia majani ya kitunguu, wasabi (ile ya kijani inayowasha puani) na mwani. La tatu ndo lilinimaliza, unamwagia supu ya moto ya dashi, ile nyepesi ya samaki mkavu na mwani, mpaka wali unaelea, ile sosi tamu inayeyuka, moshi wa mkaa unabaki kwenye supu, yaani niliinua bakuli nikanywa mpaka tone la mwisho. La nne unarudia ulilopenda, mi nikarudi kwenye supu.

Bei yeni 4,800, inauma kweli. Ila vifaranga vya unagi vinavuliwa porini ndo vikafugwe, na tangu 2014 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wamemweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwahiyo mi nimejipangia mara moja tu kwa mwaka.

Waislamu wenzangu, sosi kwa kawaida inatiwa mirin ambayo ni pombe ya mchele, ulizeni kabla hamjaagiza. Kuna shirayaki pia, huyo anachomwa bila sosi, ila hata hapo ulizeni, wengine wanamnyunyizia sake, nayo ni pombe ya mchele.

Fikeni kabla ya saa tano asubuhi, samaki wakiisha wanafunga.