TAHADHARI: Pakeji feki za Aisilandi za mwezi Novemba

Ndugu, kama unapanga likizo ya Aisilandi mwishoni mwa vuli, soma hapa kabla hujatuma hela kwa mtu yeyote. Matapeli wa pakeji wanalipenda sana tangazo la aina hii: picha kali, bei ya chini, "mianga ya kaskazini (ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku) uhakika asilimia 100", halafu lipa nusu leo kwa sababu ofa inafungwa usiku. Ukilipa, namba inazimwa.

Habari njema ni kwamba wengi wao wanajiumbua wenyewe, maana hawakijui kisiwa. Wananakili ratiba ya kiangazi na kubadilisha tarehe tu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, soma ratiba yenyewe.

Ukiona umeahidiwa kutazama pafini, wale ndege wa baharini wenye mdomo wa rangi rangi, achana na muuzaji huyo. Pafini huja nchi kavu kulea makinda, na kufikia mwanzo wa Septemba karibu wote wamesharudi baharini. Novemba hakuna wa kuonyeshwa. Vilevile Landmannalaugar au Askja, maeneo ya milimani katikati ya kisiwa, kwa gari la kukodi: barabara ambazo namba yake huanza na herufi F hufungwa theluji ikianza na kufunguliwa Juni au Julai. Anayekuuzia safari hiyo Novemba ama hajui kitu, ama hana nia ya kukupeleka.

Kisha piga hesabu ya mwanga. Reykjavik mwanzoni mwa Novemba hupata kama saa 8 za mchana. Mwisho wa mwezi ni kama 5 tu. Katikati ya mwezi jua linachomoza karibu saa nne asubuhi na kuzama kama saa kumi na nusu jioni. Sasa mtu anakuandikia siku moja yenye chemchemi za moto za Geysir, maporomoko ya Gullfoss, kijiji cha Vík na ziwa la barafu la Jökulsárlón, na kulala Reykjavik. Kutoka Reykjavik hadi Jökulsárlón peke yake ni zaidi ya kilomita 370 kwenda tu, kama saa 5 za kuendesha hali ya hewa ikiwa nzuri. Sehemu kubwa ya hivyo vivutio ungepita gizani. Mwandaaji wa kweli atakulaza njiani, Vík au mbele zaidi.

Kuhusu mianga, hakuna binadamu anayeweza kuihakikisha. Inahitaji giza, anga isiyo na mawingu na jua lililochangamka (yaani linalorusha chembe nyingi kuelekea duniani), na mawingu ya Novemba hayapangiwi. Kampuni za kweli husema wazi: usipoiona, unarudi usiku mwingine bila kulipa tena. Hiyo ndiyo ahadi ya kutafuta.

Mapango ya barafu nayo yana mtego wake. Maji ya kiangazi huyachonga upya, hivyo pango la mwaka huu si lile la mwaka jana. Anayekuhakikishia miezi mapema "pango hilihili la kwenye picha" anakudanganya. Na hapa suala si hela peke yake: Agosti 2024 barafu iliporomoka kwenye barafuto (mto wa barafu) ya Breiðamerkurjökull na kuua mtalii. Usiingie na mtu asiye na leseni, hata akikupa bure.

Leseni inathibitishwa hivi. Wauzaji wa safari na pakeji wanatakiwa kuwa na leseni ya Ferðamálastofa, mamlaka ya utalii ya nchi hiyo, na majina yao yako kwenye tovuti yake. Nembo iliyobandikwa kwenye tangazo si ushahidi, mtu yeyote anaweza kuinakili. Tafuta jina kwenye orodha, kisha wasiliana na kampuni kupitia tovuti yake yenyewe, si kwa namba uliyotumiwa. Matapeli hupenda kuazima jina la kampuni halali, kwa hiyo uliza kama booking yako wanaitambua.

Nyumba ya mtu binafsi inayokodishwa kwa wageni inapaswa kuwa na namba ya usajili inayoanza na HG, na iwe kwenye tangazo. Iombe. Mwenye nyumba akikuvuta utoke kwenye mtandao wa booking mmalizane WhatsApp kwa punguzo, kataa hapohapo, kwa sababu ukitoka huko ulinzi wote wa malipo umepotea.

Gari: kuanzia tarehe 1 Novemba sheria inataka kashata za tairi ziwe na kina kisichopungua milimita 3. Mwambie muuzaji akuandikie kuwa ni tairi za baridi. Soma na bima, maana mlango uliopindwa na upepo mara nyingi haulipiwi na bima ya kawaida, na bili yake ni chungu. Siku ya kuchukua gari, rekodi video ya pande zote, kioo na rimu zikiwemo, kabla hujaliondoa.

Kwenye malipo, tumia kadi. Akisisitiza benki, angalia IBAN, yaani namba ya kimataifa ya akaunti: ya Aisilandi huanza na IS na ina herufi na tarakimu 26 kwa jumla. Anayejiita kampuni ya Reykjavik huku akaunti ni ya nchi nyingine kwa jina la mtu binafsi, mwache aende. Sarafu za kidijitali na kadi za zawadi usizijadili kabisa.

Kama umeshatuma, pigia benki yako sasa hivi, usisubiri "meneja atakupigia". Kama ulitumia kadi, omba kupinga muamala na ufunge kadi hiyo. Piga picha za skrini za tangazo, meseji, namba na risiti kabla hajafuta, kisha ripoti polisi na kwenye mtandao ulikoliona tangazo. Ulituma nakala ya pasipoti? Iambie polisi na hilo. Na akijitokeza mtu wa kukurudishia hela zako kwa ada ndogo, huyo mara nyingi ni tapeli yuleyule kwa jina jipya.